Ufa juu ya shimo: pimeni mwendo wake

Pole kwa wasiwasi, ndugu yangu. Umesema ufa wa upana wa kidole umetokea juu ya ukingo wa shimo lenu la dhahabu huko Geita, na wenzako wanasema ni jua tu. Nakusihi, mtu asishuke chini ya ukuta huo kwanza.

Pigilia nondo moja upande wa ufa ulio karibu na shimo. Anayeipigilia afungwe kamba, na kamba ishikiliwe nyuma kabisa. Funga waya kwenye nondo hiyo, uvute kuvuka ufa hadi kwenye nguzo iliyo ardhi salama, upitishe kwenye kapi, kisha uning'inize jiwe. Ufa ukipanuka, jiwe linapanda. Weka rula nyuma ya jiwe, usome asubuhi na jioni bila kukanyaga ukingo, uandike saa na milimita. Upana peke yake usikutulize. Jana milimita 2, leo 5, kesho 11: huo ukuta unakuja. Mvua ikinyesha, someni kila saa.

Migodi mikubwa hufanya hivyohivyo kwa rada. Pale kwenye mgodi wa Bingham Canyon, Utah, Marekani, mwendo wa ukuta ulionekana tangu Februari 2013. Ukuta ulipoporomoka usiku wa tarehe 10 Aprili, watu walikuwa wameshaondolewa, na hakuna aliyeumia.

Chimbeni pia mfereji kuzuia maji yasiingie ufani. Daftari mpelekeeni Afisa Madini Mkazi, mumwombe mkaguzi aje kabla hamjarudi kazini.