Kunguru wa uani kwako si yule wa Zanzibar

SWALI: Mtaalamu, pole na kazi. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Nala, Dodoma. Kunguru wenye kifua cheupe wamejenga kiota kwenye mgunga wa jirani, na ndani ya wiki mbili wamebeba vifaranga tisa. Jamaa mmoja mnadani ameniuzia dawa kwenye chupa ya soda, niloweke nyama niitupe uani. Anasema hawa ndio kunguru wa Zanzibar, ambao hata wataalamu wanawaua kwa sumu, na kwamba akifa mmoja nikamtundika mtini, wengine watahama. Niitumie?
Mama mfugaji, Nala

JIBU: Usiitumie, mama yangu. Pole kwa vifaranga, tisa si wachache. Lakini huyo aliyekuuzia hajui kunguru, wala hajui kilichomo kwenye chupa yake, na watu wa namna hiyo nakutana nao kila mnada.

Kunguru wa Zanzibar ni mgeni. Asili yake ni India, akaletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji, kisha akavuka bahari na kuenea pwani. Ni mdogo kuliko wako, mwembamba, na shingo yake hadi kifuani ni ya kijivu. Wako, mwenye weupe kifuani na shingoni kama fulana chini ya koti jeusi, ni kunguru wa kwetu kabisa. Hata yule mkubwa wa kwenye majabali, mwenye mdomo mnene na doa jeupe kisogoni tu, naye ni mwenyeji. Huko pwani wataalamu walitumia sumu maalumu ya ndege, na chambo kikiwa chini ya uangalizi. Hawakutumia dawa ya wadudu iliyopimwa kwa kifuniko cha soda.

Kinachoniuma zaidi ni watu kuamini kwamba nyama yenye sumu italiwa na kunguru. Kaa nyuma ya machinjio umtazame siku moja. Nimemwona mmoja akiufukia mfupa chini ya majani makavu, akavuta kipande cha nailoni akakiweka juu, akarudi nyuma hatua mbili kukagua. Mwenzake alipotua ukutani, yule wa kwanza akaufukua na kwenda kuuficha kwingine. Ndege wa akili hiyo, ukimtupia kitu kigeni, hukizunguka kwanza na kusubiri mwingine aguse. Anayegusa kwanza ni mbwa wako.

Niliitwa kijiji kimoja upande wa Bahi walikotega nyama hivyo hivyo. Nilikuta mbwa wawili, paka, mwewe, na tumbusi mmoja aliyelala kifudifudi, mabawa wazi, povu kwenye mdomo. Aliyekula mzoga wa mbwa naye alikufa. Kunguru walikuwa juu ya paa, wanatutazama. Tumbusi yule hutaga yai moja tu kwa msimu, na jamii yake imo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Na mtu asikwambie kunguru hawawezi kwisha. Kule Hawaii kunguru wao wa msituni alitoweka porini mwaka 2002, wakabaki wale wa kufugwa tu.

Habari ya kutundika mzoga nayo ni ya kuuzia dawa. Wenzake watakusanyika, watapiga kelele, watapakwepa mahali pale kwa muda, lakini wenye makinda watarudi. Makinda hayo ndiyo yanayowaleta kwako. Jike hutaga mayai manne au matano, huyaatamia siku kama 18, na makinda hukaa kiotani wiki tano hadi sita wakidai chakula kutwa nzima. Wakiruka, shida hupungua. Kwa hiyo vifaranga wafunike kwa tenga, au wajengee banda la wavu juu na pembeni, mpaka wafikishe miezi miwili. Utumbo wa kuku na mabaki ya ugali usiyamwage uani, yafukie, maana hayo ndiyo yaliyowaonyesha njia kabla hawajaona vifaranga.

Kuua wanyamapori kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Atakayeshtakiwa ni wewe uliyetega. Muuzaji atakuwa mnada mwingine.

Chupa hiyo usiimwage chooni wala korongoni, na usiiweke jikoni hata usiku mmoja, kwa sababu mtoto akiiona ataona soda. Ikaze kifuniko, ifunge kwenye mfuko, umpelekee afisa kilimo wa kata yako kesho asubuhi, na umwambie ulinunua kwa nani.