Nani anaiamuru seli ya melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) ife?

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo ya ngozi hapa RDTC (kituo cha kikanda cha mafunzo ya ngozi), hospitali ya KCMC, Moshi, msikimbilie kukariri ile michoro yenye mishale mingi. Jiulizeni kwanza: seli ikishapokea ujumbe wa kinga ya mwili, nini kinaamua iishi au ife?

Chukueni TNF, protini ya ujumbe inayotolewa na seli za kinga, iliyoelezwa mwaka 1975. Wengi hudhani ikigusa seli ya saratani, seli imekwisha. Wapi! TNF ikishika kipokezi TNFR1, kinachowashwa kwanza ni NF-κB, protini inayowasha jeni za kujikinga, na hiyo huilinda seli. Kifo huja ulinzi huo ukilegea: protini za ndani ya seli, RIPK1 na FADD, zinaungana na kaspasi-8 (kaspasi ni vimeng'enya vinavyokata protini), kisha kaspasi-3 inaikatakata seli kutoka ndani. Hiyo ni apoptosisi, kifo cha mpangilio. Kaspasi-8 ikizibwa, RIPK1 inaweza kuishika protini nyingine, RIPK3, nayo ikaiamsha MLKL, protini inayotoboa utando wa seli. Hiyo ni nekroptosisi, na seli ikipasuka hivyo humwaga vitu vinavyozidi kuichokoza kinga. Kaeni hapa hata wiki nzima. Mimi mtihani wangu ungetoka hapa.

TRAIL, ndugu ya TNF iliyoelezwa mwaka 1995, haina mzunguko mrefu: inapitia vipokezi DR4 na DR5 moja kwa moja hadi kaspasi-8.

Kwenye hadubini, seli ya apoptosisi imesinyaa, ina rangi ya waridi iliyokolea, kiini kimekuwa cheusi au kimevunjika vipande, na majirani zake wametulia tuli. Maabara, msitegemee aneksini V (protini ya kutambulisha seli inayokufa) peke yake, maana seli iliyotoboka nayo huishika. Ongezeni propidiamu iodaidi (rangi inayoingia seli iliyotoboka), pimeni kaspasi-3 iliyokatwa, na muwe na sampuli yenye kizuizi cha kaspasi. Seli zikizidi kufa humo, fikirieni nekroptosisi kabla ya kulaumu mashine.

Mtauliza kwa nini TNF haitundikwi kwenye dripu. Ikisambaa mwilini, presha huporomoka kama kwenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoutikisa mwili mzima.

Halafu mwangalieni mgonjwa wa kwetu. Vitabu vingi vimejaa melanoma ya watu weupe, ambayo karibu nusu yake ina badiliko la jeni ya BRAF. Kwetu melanoma hupenda nyayo, na huko badiliko hilo ni nadra zaidi. Wenye ualbino nao hutujia zaidi na saratani ya seli za skwamasi (seli bapa za tabaka la juu la ngozi). Mkisoma kwamba protini fulani imeua seli za saratani, tafuteni kwanza seli hizo zilitoka kwenye ngozi ya namna gani. Na kliniki, mgonjwa yeyote mnayemkagua ngozi, avue viatu na soksi.