Maswali yenu: Wanaoandika Kijapani bila kuzaliwa nacho

Yupo mgeni aliyewahi kuandika riwaya kwa Kijapani chenyewe? (Msomaji, Morogoro)

Wapo. Anza na Levy Hideo, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1950. Alikwisha kujijengea jina kwa kutafsiri Man'yoshu, mkusanyo wa kale wa mashairi ya Kijapani, akatuzwa kwao Marekani mwaka 1982. Wengi wangetosheka hapo. Yeye mwaka 1992 akaja na riwaya ya Kijapani: kijana wa miaka 17, baba yake balozi mdogo wa Marekani mjini Yokohama, anatoroka nyumbani na kukimbilia mitaa ya Shinjuku, jijini Tokyo. Kijapani anakitaka kwa udi na uvumba, ila wenyeji wanamwona mtu wa kufanyia mazoezi ya Kiingereza tu.

Tuzo kubwa je, wanapewa? (Msomaji, Nakuru)

Wanapewa. Yang Yi, mzaliwa wa Harbin, China, alitwaa Tuzo ya Akutagawa, tuzo maarufu ya fasihi ya Japani, mwaka 2008, wa kwanza kuipata huku Kijapani si lugha yake ya kwanza. Li Kotomi wa Taiwan akafuata mwaka 2021. Wakorea wa Japani, kama Ri Kaisei, waliipata zamani, lakini msiwatie kapu moja: hao Kijapani kiliwafika kwa ukoloni wa Japani huko Korea, hawakukichagua.

Ni kweli Tawada Yoko anaandika kwa lugha mbili? Nianze na kitabu gani? (Msomaji, Tanga)

Kweli tupu. Ni Mjapani, alizaliwa Tokyo mwaka 1960, akahamia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1982. Wengi watakutajia riwaya yake Kentoshi, iliyopata tuzo Marekani mwaka 2018 kwa tafsiri yake ya Kiingereza. Mimi nakuelekeza kwingine: riwaya yake ya 2004, kwa Kijerumani Das nackte Auge, kuhusu msichana wa Kivietnam aliyealikwa Berlin Mashariki, akatekwa, kisha akapanda treni isiyo yake na kujikuta Paris. Kifaransa hajui. Anashinda kwenye majumba ya sinema akitazama filamu za Catherine Deneuve, mwigizaji wa Kifaransa. Maneno yanampita, uso anausoma. Tawada aliiandika kwa Kijerumani na Kijapani sambamba, akiruka huku na huku, na mwishowe vikatoka vitabu viwili. Ukiniuliza kipi ndicho tafsiri ya kingine, hakuna.

Kuna kitabu kinachowatoa jasho watafsiri? (Msomaji, Mombasa)

Cha Mjapani Mizumura Minae, cha 1995, Shishosetsu from left to right: Kijapani kilichochanganywa na Kiingereza, kikachapwa kwa mistari ya mlalo badala ya wima iliyozoeleka katika riwaya za Kijapani. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 2021, na yale yaliyokuwa ya Kiingereza tangu mwanzo yamechapwa kwa herufi za umbo jingine. Ujanja mzuri, ingawa macho huchoka.