Vikombe vya pembe ya kifaru, vile vijoka vinapanda wapi?

SWALI: Mambo mhariri, niko Dublin, juzi nimepita makumbusho ya Chester Beatty nikakuta vikombe vya Kichina vya pembe ya kifaru, vingine vina vijoka vinapanda hadi ukingoni, vingine vimechongwa kama ua. Walikuwa wanavinywea kweli? Na vijoka mbona havina pembe? Halafu kuna jamaa anauza kimoja mtandaoni, nichukue?

JIBU: Poa ndugu yetu. Anzia kwenye pembe yenyewe, utaelewa mapambo yote. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani, ni keratini tupu kama nywele zilizogandamana, kwa hiyo fundi anaigeuza kichwa chini: upande mpana uliokuwa usoni kwa mnyama unakuwa mdomo wa kikombe, ncha inakuwa kitako. Umbo limeshapanuka juu lenyewe, ndo maana ua na jani la yungiyungi vinakaa pale kama vimeota, na yungiyungi kwa Wachina ni usafi maana linatoka kwenye tope bila kuchafuka.

Vijoka vyako wanaviita chilong, ni joka lisilo na pembe kweli, hawakukosea. Vinazunguka kikombe mpaka vinachungulia ndani, na mara nyingi ndo mkono wa kushikia. Utakuta pia taotie, uso wenye macho makubwa uliokopiwa toka vyombo vya shaba vya enzi ya Shang, China ya kale kabisa, na misonobari, mawe, au mshairi Su Shi ndani ya mashua. Mimi hizo za mandhari ndo zinaniua.

Kunywea? Iliaminika pembe inaumbua sumu, ila vikombe vingi vya enzi za wafalme wa Ming na Qing wa China vilikuwa za kutazamwa na kupeana zawadi. Pembe zilitoka Asia na Afrika pia, na mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 ushataja pembe za kifaru kutoka Rhapta, bandari ya kale huku pwani yetu.

Kununua, achana nayo. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, iliwaweka vifaru wote kwenye daraja la juu la ulinzi 1977, China ikapiga marufuku biashara 1993, vya kale vinataka vibali na ushahidi wa umri. Halafu vya mtandaoni vingi ni pembe ya nyati maji: ya kifaru ukiikata na kuitazama kwa lenzi unaona vidoti vya nyuzi zilizosongamana, ya nyati ina matabaka na ina uwazi ndani. Jamaa akikataa kukuonyesha kitako kwa karibu, mblock.