Macho yako hayana kosa

Kaka, umeuliza kama TV yako imeharibika, maana filamu ya The Matrix inaonekana ya kijani mno. TV yako nzima kabisa. The Matrix ya 1999 tuliyoiona kwenye vibanda vya video Ngamiani, Tanga, haikuwa na ukijani wote huo. Ulikolezwa kwenye matoleo ya baadaye, kama diski ya Blu-ray ya 2008, ifanane na miendelezo yake ya 2003. Tafuta diski ya 4K (yenye picha kali zaidi) ya 2018: Bill Pope, mpiga picha wake, alisimamia rangi mwenyewe, ukijani ukapungua.

Wakitengeneza toleo jipya kwa kuskani upya mkanda halisi wa filamu, hawaongezi ukali wa picha tu. Kuna mtu kwenye kompyuta anaamua upya rangi ya ngozi, anga, hata vivuli. Na wakifuta chengachenga (vitone vidogo vya asili vya mkanda) kupita kiasi, nyuso zinakuwa kama za nta. Mimi bora chenga.

(Ingawa kaseti yetu ilishachakaa, Neo, shujaa wa filamu, alikuwa zambarau!)