Tapeti za rola kwenye V8: pima kwanza, agiza baadaye

Fundi aliyelelewa na Probox anaijua 1NZ kwa kichwa: kamshafti mbili zimelala juu ya hedi, na kila nundu inakandamiza valvu yake kupitia kikombe cha chuma. V8 nyingi za Marekani zimepangwa kivingine. Kamshafti ni moja, imezikwa katikati ya bloku. Juu yake kuna tapeti 16, vipande vya chuma vinavyopandishwa na nundu (tapeti ya rola ina gurudumu dogo chini), juu ya tapeti pushrodi, yaani fimbo ya kusukuma, kisha roka, mkono unaopinduka, ndipo valvu. Ikikufikia gereji hapa Nakuru au Kisumu, mara nyingi itakuwa ndani ya Jeep Grand Cherokee yenye HEMI ya lita 5.7, au itakuwa LS ya General Motors iliyopandikizwa kwenye gari la mashindano. Mwenye gari atasema injini inagonga tik-tik-tik, na amesikia dawa yake ni kubadilisha tapeti.

Huenda kweli zinahitaji kubadilishwa. Lakini tapeti ya rola ni nadra kufa kifo chake yenyewe. Huuliwa na springi nzito kupita kiasi, pushrodi yenye urefu usiofaa, tundu la tapeti lililolika, mafuta yasiyofika, au vumbi. Ukifunga mpya bila kumtafuta muuaji, gari litarudi na mlio uleule, na safari hii kamshafti nayo itakuwa imeharibika.

Kuna tofauti moja ya msingi usiyoruhusiwa kuisahau. Tapeti bapa ya zamani hutakiwa kuzunguka ndani ya tundu lake, na nundu huchongwa kwa mteremko mdogo ili iizungushe. Tapeti ya rola haitakiwi kuzunguka hata kidogo. Ikigeuka, rola haibingiriki tena juu ya nundu, inakwaruza kwa ubavu, na kamshafti inakwisha kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana kila mfumo una kitu cha kuishika. Kwenye LS kuna trei nne za plastiki, kila moja ikibeba tapeti nne. Kwenye bloku za zamani ambazo hazikuundiwa rola, tapeti huja kwa jozi zilizoungwa kwa kipande cha chuma. Plastiki ya trei hukauka kwa joto na mkato wake hupanuka. Tumbukiza tapeti kwenye trei, ishike juu ujaribu kuizungusha: ikicheza kushoto na kulia kwa kiasi cha kuonekana, trei hiyo ni ya kutupwa. Kwa kweli, hedi zikishatoka usirudishe trei za zamani hata kama zinaonekana nzima. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua tena.

Kuchagua

Chaguo ni kati ya tapeti ya haidroliki na tapeti ngumu. Ya haidroliki ina plunja ndani inayojazwa mafuta na kujirekebisha yenyewe. Ngumu haina, kwa hiyo huachiwa nafasi unayoipima kwa fila, geji ya visahani vyembamba. Gari la kwenda kazini Jumatatu na Mau Summit Jumamosi lipewe haidroliki, bila mjadala. Inatosha hadi karibu mizunguko 6,500 kwa dakika. Tapeti ngumu ya rola ni ya injini inayofunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Springi zake ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 90 valvu ikiwa imefungwa, ilhali za haidroliki huwa kati ya kilo 55 na 70. Mzigo huo unabebwa na visindano vidogo vya beringi ndani ya rola. Injini ikisimama kwenye foleni ikinguruma polepole, krenki hairushi mafuta ya kutosha kufika huko, na pini ya rola inalika upande mmoja tu, ule unaobeba mzigo. Kama ni lazima uzitumie kwenye gari la barabarani, agiza zenye tundu la kupeleka mafuta ya presha hadi kwenye pini, au zenye bushi badala ya visindano.

Mteja atakuja anataka kamshafti kubwa, yaani inayofungua valvu zaidi na kwa muda mrefu, gari lisikike Lanet akiwa bado Njoro. Mwambie ukweli wa mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa liko chini ya la Mombasa kwa takriban asilimia 20. Kisumu, yenye mita 1,130 hivi, inapoteza kama asilimia 12. Kamshafti kubwa huchelewa kufunga valvu ya inteki, kwa hiyo hewa ambayo tayari ni haba inasukumwa nje tena pistoni inapoanza kupanda. Atapata mlio, lakini kwenye mlima wa Timboroa gari litakuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani. Chagua kamshafti ya wastani, halafu tapeti na springi zifuate kadi ya hiyo kamshafti, karatasi ya vipimo inayokuja nayo. Usiende kinyume, yaani kununua tapeti kwa sababu zilikuwa na ofa Kirinyaga Road, kisha uanze kutafuta kamshafti ya kuzifaa.

HEMI ya 5.7 ina mtego wake. Nyingi zina mfumo wa MDS unaozima silinda 1, 4, 6 na 7 gari linapotembea bila mzigo. Tapeti za silinda hizo zina pini za kufunga na kufungua kwa presha ya mafuta. Za silinda nyingine ni za kawaida. Nane kwa nane, na hazibadilishani nafasi. Anayetaka kuuondoa mfumo huo lazima aondoe vyote pamoja: tapeti, kamshafti, solenoidi (valvu za umeme za mafuta) zizibwe kwa plagi zake, na kompyuta izimwe kipengele hicho. Nusu ya kazi hiyo ni mbaya kuliko kutoifanya.

Kabla ya kufunga

Toa tapeti za zamani ukizipanga kwenye katoni lenye matundu 16 yaliyoandikwa namba. Rola iliyo nzima inaweza kurudi kwenye nundu yake, lakini irudi palepale ilipotoka. Bingirisha kila rola kwa kidole. Ukisikia mchanga, ukiona vishimo, au rola ikitikisika juu ya pini, imekwisha. Kama nundu hata moja imechubuka, badilisha kamshafti na tapeti zote 16, kwa sababu unga wa chuma umeshapita kwenye zote.

Sasa pima matundu. Kipenyo cha tapeti za Chevrolet, LS ikiwemo, ni inchi 0.842, yaani milimita 21.39. Tumia geji ya ndani na maikromita, sehemu mbili za kila tundu, juu na chini, na kila sehemu kwa pande mbili. Nafasi nzuri kati ya tapeti na tundu ni milimita 0.03 hadi 0.05. Ikizidi, mafuta yanavuja pembeni, presha inashuka, na tapeti inainama kila nundu inapoisukuma. Ikipungua, tapeti inakwama injini ikipata joto. Tundu likiwa na utando mgumu, lisafishe kwa honi laini ya vijipira mara chache tu, kwa mafuta. Lengo ni kuondoa utando, si chuma. Pitisha kidole kwenye mdomo wa tundu la mafuta: kijino kidogo cha chuma hapo kinatosha kuikwaruza tapeti mpya siku ya kwanza.

Jambo lingine ambalo wengi hulipita: ingiza tapeti moja, zungusha kamshafti hadi kilele cha nundu, utazame. Mkanda wa mafuta ulio ubavuni mwa tapeti usitokeze juu ya tundu. Kisha rudi hadi mgongo wa nundu, upande ule wa mviringo usioinua kitu, uhakikishe tapeti haijashuka hadi kuacha wazi mfereji wa mafuta wa bloku. Likitokea mojawapo, presha yote itamwagikia hapo, na utalaumu pampu bure.

Urefu wa pushrodi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kamshafti mpya ikiwa na mgongo mdogo kuliko ya kiwandani, tapeti inakaa chini zaidi na pushrodi ya zamani inakuwa fupi. Tapeti ikiwa ndefu kuliko ya awali, inakuwa kinyume. LS hutoka kiwandani na pushrodi ya inchi 7.400, yaani karibu milimita 188, lakini usiagize kwa kukariri namba hiyo. Tumia pushrodi ya kupimia, ile inayorefuka kwa nyuzi. Tapeti ikiwa juu ya mgongo wa nundu, kaza bolti ya roka kwa tokwi yake kamili, yaani nguvu ya kukaza (kwenye LS ni Nm 30), kisha refusha pushrodi taratibu hadi mchezo wa juu na chini uishe. Usitegemee kuizungusha kwa vidole, maana pushrodi huzunguka hata plunja ikiwa imeshaanza kukandamizwa. Urefu huo, ongeza mkandamizo unaotakiwa (kiasi ambacho plunja hushushwa ndani ya tapeti), ndio utakaoagiza. Tapeti za haidroliki za aina ya kiwandani kwenye LS hupenda mkandamizo wa milimita 1.5 hadi 2. Tapeti za mashindano zenye plunja ya mwendo mfupi hutaka mdogo zaidi, kwa hiyo fuata karatasi ya aliyezitengeneza.

Unaweza kuhakiki kwa kuhesabu mizunguko ya bolti. Bolti ya roka ya LS ina nyuzi za milimita 1.25, na roka ina uwiano wa 1.7. Mwanagenzi husema mzunguko mmoja ni milimita 1.25 za mkandamizo. Sivyo. Roka ikishuka, upande wa valvu haushuki, kwa hiyo upande wa pushrodi unashuka zaidi: 1.25 mara 2.7 gawanya kwa 1.7, karibu milimita 2. Kwa hiyo, toka pale mchezo unapoisha hadi tokwi kamili, robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja ndiyo sahihi. Ukipata mizunguko miwili, plunja inaweza kuwa imegonga chini na valvu isifunge. Ukipata robo, itapiga kelele.

Kwenye tapeti ngumu, nafasi hutolewa na kadi ya kamshafti, mara nyingi milimita 0.4 hadi 0.6 injini ikiwa moto. Ukipanga ikiwa baridi, kumbuka alumini hupanuka kuliko chuma: bloku ya chuma na hedi za alumini, punguza milimita 0.15, vyote viwili vikiwa alumini, punguza 0.3. Valvu ya ekzosti ikianza tu kufunguka, panga ya inteki ya silinda hiyo. Inteki ikikaribia kufunga, panga ekzosti.

Kufunga

Osha tapeti mpya kuondoa mafuta ya ghalani, kisha zilaze ndani ya mafuta safi ya injini. Kwenye rola usipake grisi nzito ya kufungia. Visindano vitateleza badala ya kubingirika. Kwa jozi zilizoungwa, hakikisha kile kipande kimeelekea upande ulioonyeshwa na hakigusi bloku nundu ikiwa kileleni.

Kwenye LS na HEMI, hedi lazima zitoke ndipo tapeti zitoke. Bolti nyingi za hedi za LS hukazwa kwa digrii hadi zinavutika, kwa hiyo nunua mpya. Puliza kila tundu la bolti hadi likauke kabisa: maji au mafuta yaliyobaki chini hayana pa kwenda bolti inaposhuka, na bloku hupasuka. Roka zikishakazwa, subiri dakika kadhaa tapeti zitoe mafuta yaliyozidi kabla ya kugusa krenki, la sivyo valvu iliyobaki wazi inaweza kukutana na pistoni. Kisha zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukihisi kizuizi, simama.

Usiwashe bado. Toa spaki plagi, zima umeme wa injekta, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya mafuta ipande, kisha hakikisha mafuta yanatoka kwenye roka zote 16. Kwenye injini za zamani ambazo pampu huendeshwa na distribuita, zungusha pampu kwa drili. Baada ya kuwasha, mlio wa dakika chache ni wa kawaida. Ukiendelea injini ikishapata joto, rudi kwenye vipimo vya pushrodi kabla ya kulaumu tapeti.

Mafuta yenyewe: HEMI ya 5.7 yenye MDS imeandikiwa 5W-20. Watu wa Kisumu, kwa sababu ya joto, humimina 20W-50 wakidhani wanaisaidia. Pini za MDS zinasubiri mafuta yafike kwa wakati, na mafuta mazito huchelewa. Eya klina nayo ikazwe bila mwanya, hasa kwa magari yanayopita Naivasha, Elementaita na Kariandusi. Diatomaiti inayochimbwa Kariandusi ni silika, na silika ndani ya mafuta husaga kila kinachobingirika.

Baada ya kilomita 500 mwaga mafuta, kata filta kwa kifaa cha kukatia filta, ufungue karatasi yake juu ya gazeti na kupitisha sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni wa injini iliyotoka kufungwa. Vipande vinavyometa, au kisindano hata kimoja, maana yake rola mojawapo imeachia. Kwenye tapeti ngumu andika nafasi za valvu zote 16 kwenye daftari kila unapopima. Nafasi moja ikiongezeka peke yake huku nyingine zimetulia, usiikaze kwa spana. Itoe uangalie pini yake.