Kwa nini mwanamume alisubiri kusalimiwa

Umeuliza kama ni kweli enzi za Malkia Victoria (1837–1901) mwanamume wa Uingereza hakuanza kumsalimia mwanamke njiani. Ni kweli, ila kwa wenye nafasi zao. Wakikutana barabarani, mwanamke ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza. Hapo ndipo mwanamume aliponyanyua kofia. Kusalimiana hadharani kulikuwa sawa na kutangaza kwamba mnajuana, na uamuzi huo aliachiwa mwanamke. Asipoinamisha kichwa, basi, unapita kama mtu baki, hata kama jana mlicheza dansi pamoja. Na ukiwa na la kumwambia, humsimamishi: unageuka na kuongozana naye.

Kutembeleana nako kulikuwa na vituko. Ziara iliyoitwa ya "asubuhi" ilifanywa alasiri, tena kwa dakika 15 au 20 tu. Mwanamume aliingia sebuleni na kofia yake mkononi, ishara kwamba hakai. (Kwetu muda huo hata chai haijachemka.)

Msibani ndipo mizani ilipoelemea upande mmoja. Mjane alivaa nguo za maombolezo kama miaka miwili. Mume aliyefiwa alivaa kitambaa cheusi kwenye kofia na kurudi kazini mapema. Victoria mwenyewe alivaa nyeusi tangu mumewe Albert alipofariki mwaka 1861 hadi naye alipokufa.

Mwanamke wa kiwanda cha nguo Manchester? Huyo hakuwa na sebule ya kupokelea wageni, wala alasiri ya kukaa bure.